Ndege Nisiyemsikia

2 Novemba

Muuguzi wa masikio ameniambia ninunue daftari. Kila siku niandike nimesikia nini na nini kimenipita, kisha msimu ukiisha nimpelekee anipime tena. Nikamwambia sawa. Aliponiuliza kazi yangu nikajibu kwamba nafanya kazi na wageni. Si uongo, ila si kweli yote, na nilipotoka mlangoni pale moyo wangu ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa.

Basi wewe daftari nitakwambia yote, maana huna mdomo. Kazi yangu ni kuongoza watu wanaokuja likizo kutazama ndege. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Siku kadhaa tunakaa bwawani kwenye matete, halafu tunapanda milimani msituni. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Majina ya ndege niliyaokota nikiwabebea waongozaji wengine mabegi. Leo mimi ndiye ninayebebewa, na wageni huniita Mama Darubini.

Lakini bwawani unaongoza kwa macho, na msituni unaongoza kwa masikio. Kule juu majani yamefunga. Ndege humwoni. Unamsikia, unasema ni fulani, na mgeni anaandika. Sasa sauti nyembamba zimeanza kuniponyoka. Muuguzi alinivalisha vile vikombe vya masikioni, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikaa, nikakaa. Nilidhani mashine yake imekufa.

5 Novemba

Nimesikia: mvua juu ya bati, vyura, adhana, jirani akigombana na mbuzi. Sikusikia: birika likipiga mluzi. Baba watoto ametoka karakana kwake na vumbi la mbao kichwani, akaliepua, akanitazama. Angesema ingekuwa nafuu.

8 Novemba

Bwawani na wageni wanne. Heroe, mwari, korongo, yangeyange. Vitu vikubwa, vyeupe, visivyojificha. Siku njema.

9 Novemba

Mvua. Hakuna jipya.

11 Novemba

Kila alfajiri nikitia udhu, nikifika kwenye masikio vidole vinakawia. Nasema, Mola wangu, ulinipa hivi viwili bila kukuomba, sasa nakuomba uniachie. Kisha naona haya. Kuna watu wanaomba mkate.

14 Novemba

Tumepanda milimani na wale wanne. Nitakuungamia ninavyofanya. Namsubiri mgeni aulize, "Hiyo ni sauti gani?" Nami namuuliza ameisikia upande gani, juu au chini, ndefu au fupi. Miaka kumi na tisa nimeujua kila mti na mpangaji wake, kwa hiyo nikijua mti na saa, nalijua jina. Naegemea ujuzi kama kipofu anavyoegemea fimbo. Naamini mara nyingi napatia.

Kinachonitesa ni orodha. Kila jioni, kabla ya chakula, tunakaa mezani nami nasoma majina ya ndege mmoja mmoja. Kwa desturi ya kampuni yetu, ndege haingii kitabuni mpaka mwongozaji atamke kwa mdomo wake, "Nimemwona," au, "Nimemsikia." Leo nimetamka "nimemsikia" mara kumi na moja. Kweli ilikuwa mara nne.

18 Novemba

Bosi amenipigia. Anakuja mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini na mbili, mwanachama wa zamani wa chama cha watazamaji ndege. Ana mtoto wa jicho machoni mwote, haoni vizuri, kwa hiyo anahesabu kwa masikio tu. Bosi akasema amenipa mimi kwa sababu kampuni nzima hakuna masikio kama yangu.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikamkumbuka mzee aliyenifundisha kazi hii, ambaye masikio yalipomchoka walimpeleka getini kuandika namba za magari. Alikaa miezi miwili, akaenda kwao. Nikamwambia bosi, "Hamna shida."

Hamna shida! Usiku sikula.

22 Novemba

Mwalimu amefika, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mwalimu ni mwembamba, amenyooka kama rula, na akizungumza na wewe anageuza sikio badala ya uso. Wifi ni mnene, anafuma sweta, na alitangaza kabla hajashuka garini kwamba ndege anayemjua yeye ni kuku, na huyo anamjua vizuri. Dereva wetu, tunayemwita Breki kwa jinsi anavyoogopa miteremko, alicheka mpaka akaangusha begi. Wawili hao wamekwisha kuelewana.

Bwawani Mwalimu alikaa kwenye kigoda, macho kafumba, akataja sauti kumi na tatu kabla sijafungua darubini. Nilizipata saba. Zilizobaki nilimsadiki.

24 Novemba

Bata, vyura, bata. Wifi amemaliza mkono mmoja wa sweta.

25 Novemba

Njiani kupanda milimani Mwalimu amenieleza alichokuja kutafuta. Ni kifilimbi. Ndivyo tunavyomwita sisi, kindege kama kidole gumba, kijivu, kinakaa ndani kabisa ya ukungu, na sauti yake ni nyembamba kama uzi. Amepanda mara tatu asimpate. Safari ya kwanza walikuwa wote, yeye na mumewe. Mwalimu aliamka na homa, mume akatoka peke yake, akarudi anasema amemsikia. Akamtania kwa ndege huyo miaka ishirini, mpaka alipofariki.

Wifi akaingilia kwamba yeye alimjua kaka yake tangu anatambaa, na kwa uongo hakuwa na mpinzani, kwa hiyo huenda siku ile alisikia tumbo lake. Mwalimu akacheka, lakini kidogo. Baadaye akaniegemea akasema taratibu kwamba hataki kumshinda marehemu, anataka tu kujua mume wake alisikia nini asubuhi ile.

Nikatazama dirishani. Kifilimbi sijamsikia tangu mwaka juzi.

27 Novemba

Bismillahi. Niandike kabla mkono haujatulia, maana ukitulia utaanza kupamba.

Kambi ya juu ni vibanda vinne vya mbao, jiko, na choo nyuma penye mteremko, basi. Saa kumi na mbili kasoro nilitoka kuswali nikamkuta Mwalimu keshakaa kwenye kigoda chake barazani, blanketi mabegani. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kuleta ukungu. Nikakaa kando yake. Tukasikiliza.

Mara akanishika mkono, hapa juu ya kiwiko, akanibana kwa nguvu ambazo sikutegemea mtu mwembamba vile awe nazo. Akageuza sikio. Akasubiri. Akabana tena.

Sikusikia kitu. Daftari langu, nilisikia upepo, na damu yangu.

"Ndiye?" akaniuliza.

Ningeweza kumuuliza upande gani, juu au chini, kama ninavyowafanyia wengine. Lakini uso wake ulikuwa umenigeukia, na macho yale yenye ukungu yalikuwa yamejaa maji. Nikajiambia: mahali ndipo, saa ndiyo, ukungu ndio. Nani mwingine aimbe hapa saa hizi?

"Ndiye, Mwalimu."

Hakupiga kelele. Aliachia mkono wangu, akafunika uso kwa blanketi, mabega yakawa yanatikisika. Wifi akatoka na leso kichwani kuuliza nani kafa. Mwalimu akamwambia hakufa mtu, kinyume chake. Wakakumbatiana pale, wifi akilia naye bila kujua vizuri analia nini.

Jioni kwenye orodha nilifika kwa kifilimbi. Nikasema, "Nimemsikia." Sauti yangu ilitoka vizuri tu. Hiyo ndiyo inayonitisha.

28 Novemba

Kifilimbi amelia tena alfajiri, Mwalimu anasema. Fupi, ndefu, fupi. Wifi naye amemsikia alipokuwa anatoka chooni, akasema ndege wa heshima kweli huyu, anawaamkia watu. Breki alikuwa amelala garini hakuulizwa.

Mwalimu amewapigia wenzake wa chama. Amempigia mwanawe. Ameniita "masikio yangu" mbele ya watu.

Sikusikia kitu. Nimeandika hapa kwa sababu ndiyo kazi ya daftari hili.

29 Novemba

Leo kifilimbi kanyamaza. Upepo ni ule ule, ukungu ni ule ule, na Mwalimu alikaa kigodani tangu kiza mpaka chai. Sikuwa na wasiwasi. Ndege si saa ya ukutani.

Tukiwa kwenye chai Breki akaanza kujisifu. Akasema sasa tutalala kama watu, kwa sababu jana jioni ametia oili bawaba za mlango wa choo. Mlango ule haufungi sawasawa, upepo ukiusukuma unalia kama kifaranga aliyekanyagwa, na siku mbili mfululizo umemwamsha alfajiri. Wifi akamshukuru. Mwalimu alikuwa anakoroga sukari.

Mimi kikombe changu kiligota mezani.

Nilimsubiri Breki nyuma ya gari. Nikamuuliza mlango ulikuwa unaliaje. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, lakini ni mtu mwema, akaniigizia kwa midomo: fii, fiii, fi. Hata huo wake niliupata kwa kutazama midomo zaidi kuliko kusikia. Mlango unakwenda, unarudi, unagonga kizingiti. Fupi, ndefu, fupi.

Nikaenda chooni. Nikausukuma mlango, nikaurudisha, nikausukuma. Kimya. Nikacheka peke yangu mle ndani, halafu nikaacha, maana hata kabla ya oili kwangu mimi ungekuwa kimya hivyo hivyo. Mama wa watu ameulilia mlango wa choo kwa sababu mimi nimempa jina la ndege.

30 Novemba

Nimeswali, lakini ilikuwa swala ya midomo. Nilipofika kwenye salamu sikukumbuka nimesoma sura gani.

Nimemwambia Breki. Ilinibidi nimwambie mtu. Alicheka kwanza, alicheka sana, akajifuta macho, kisha akaona sicheki. Akasema basi niache. Mama mwenyewe amefurahi, baada ya siku tatu anaondoka, macho hana, nani ataenda kumwambia? Raha ya mtu haikatwi, dada, alisema. Na akanikumbusha yule mzee wa getini.

Nimepanda kwenye jiwe lenye mtandao nikampigia baba watoto. Nilidhani atanionea huruma. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikasikia randa yake ikiendelea polepole, kisha ikasimama. Akasema yeye huwa anaona mafundi wakikuta ubao umeoza, wanaupaka rangi haraka mteja hajafika. Akasema rangi inapendeza. Akaniuliza kama nimekula.

Mchana nimewaongoza msituni. Mwalimu alikuwa anatembea ameshika bega langu, anataja sauti, na kila akitaja anasubiri neno langu. Sauti ishirini. Kila moja alinisubiri. Nimekuwa nikimwona mama huyu kama mtihani niliotumiwa. Leo nimeona mimi ndiye shimo, yeye ndiye anayepita kipofu.

1 Desemba

Nimesema.

Nilingoja orodha. Jua lilikuwa bado halijazama, Mwalimu amekaa kichwani mwa meza, wifi na sweta lake, Breki anajifanya anafuta vioo vya gari ili asiwepo na asikose. Nilisoma majina yote mpaka mwisho. Kisha nikafunga kitabu cha kampuni nikasema kuna ndege wa tarehe ishirini na saba ambaye si halali.

Nikaeleza. Nilikuwa nimejipangia maneno lakini yalitoka kinyumenyume, mlango kwanza, masikio baadaye, muuguzi katikati.

Wifi alikuwa wa kwanza kuelewa. Akaweka sindano chini. Akasema kwa hiyo kaka yake bado anawacheka huko aliko, na wao wameushangilia mlango wa choo, tena yeye amelia na leso kichwani. Akaanza kucheka, cheko la tumbo, mpaka alipomtazama Mwalimu.

Mwalimu hakuwa amesogea. "Ile asubuhi, nilipokushika mkono," akasema, "wewe ulisikia nini?"

"Upepo, Mwalimu."

"Na kifilimbi?"

"Sikusikia chochote."

"Tangu lini husikii?"

"Sauti nyembamba, tangu mwaka jana."

"Kwa hiyo watu wa mwaka mzima wamekwenda kwao na uongo wako kwenye mabegi."

Nikasema nimemkosea yeye na nimemkosea Mungu, na kwamba siombi anisamehe leo. Akasema vizuri, kwa sababu leo hana huo msamaha. Akasema amefundisha miaka arobaini, na mtoto aliyeshindwa hesabu hakuwahi kumkasirisha hata siku moja. Aliyemkasirisha ni yule aliyenakili jibu.

Kisha akatoa daftari lake la ndege mfukoni, akalisukuma mezani mpaka kwangu. "Mimi sioni mstari," akasema. "Futa wewe."

Nikafuta. Kalamu ilikwaruza, hiyo niliisikia. Chini ya jina alikuwa ameandika kitu kingine kwa herufi kubwa zilizopinda za mtu asiyeona, jina la marehemu mumewe na neno "kumbe." Sikujua nifute na hilo au niliache. Nikamuuliza. Akasema, "Hilo liache. Hilo halikuwa lako."

Amekwenda kulala bila chakula. Wifi amempelekea chai, ikarudi baridi.

2 Desemba

Mvua kutwa. Mwalimu hajanisemesha. Wifi amenisemesha kwa ajili ya wawili, akaniambia nisijali, wifi yake akinuna hununa kwa mpango, kama ratiba ya shule.

Nimempigia bosi kabla hajasikia kwa mwingine. Akauliza ni orodha ngapi. Nikamwambia sijui, labda zote za mlimani za mwaka huu. Akashusha pumzi. Akasema nikishuka niende ofisini na vitabu vyote tukae tuvipitie ndege mmoja mmoja, na milimani nisipande tena. Kuhusu bwawa, ataona. Kuhusu geti hakutaja, nami sikuuliza.

Nilidhani nikisema nitapata usingizi. Sijaupata. Lakini swala ya leo naikumbuka kuanzia takbiri mpaka salamu.

3 Desemba

Leo ndiyo siku ya kuondoka. Breki alisema gari litawaka saa mbili.

Nilikuwa nimemaliza kuswali nikaona kivuli mlangoni. Ni Mwalimu, blanketi mabegani, kigoda mkononi. Hakunisalimia. Alisema njia ya msituni inateleza na wifi yake ni mzito, akimwangukia watazikwa pamoja. Nikavaa viatu.

Alinishika bega kama siku zile. Tukaenda mpaka pale njia inapogawanyika, mbali na vibanda, mbali na milango yote. Ukungu ulikuwa mzito, miti ya mbele ilikuwa kama mtu kaifuta nusu. Nikamwekea kigoda. Nikasimama nyuma yake na darubini, ingawa darubini kwenye ukungu ni pambo.

Tulikaa sana. Maji yalidondoka kutoka majanini. Niliyasikia.

Kisha nikaona shingo yake ikinyooka. Kichwa kikageuka polepole, kushoto, juu. Mkono wake ukanyanyuka kunitafuta, nikaupa wangu, akaushika, safari hii bila kubana. Upande aliogeukia niliona kijani, tawi dogo likatikisika na kutulia. Inaweza kuwa ndege. Inaweza kuwa tone. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, kama mtu anayeonja kitu.

"Ndiye?" akauliza.

Mahali palikuwa ndipo. Saa ndiyo. Ukungu ndio. Katika miaka kumi na tisa nimejibu swali hilo maelfu ya mara, na kila mara jibu lilikuwa jina.

"Sijui, Mwalimu."

Hakugeuka. Aliendelea kusikiliza kule kule, na sikujua kama amenisikia, mpaka mwenyewe aliposhusha pumzi na kujiweka sawa kigodani.

"Imelia mara nne," akasema. "Ya mwisho fupi kuliko zote. Ilitoka juu, ikahama kulia. Mlango hauhami. Andika."

Nikafungua kitabu cha kampuni juu ya goti. Nikamuuliza niandike jina gani.

"Usiandike jina. Andika tulichokuwa nacho."

Nikaandika polepole, karatasi inalowana. Tarehe tatu Desemba, saa kumi na mbili na robo, njia panda, ukungu. Sauti nyembamba, mara nne, ya mwisho fupi, kutoka juu kwenda kulia. Nikamsomea. Akasema bado. Akasema niandike aliyesikia ni nani.

Nikaandika: Aliyesikia ni Mwalimu. Mwongozaji hakusikia. Nikatia sahihi yangu.